Mwongozo wa Kuhifadhi Kumbukumbu za Vita za Wakongwe wa Kiyahudi

Wanaoanza kazi hii huuliza maswali yale yale. Nianze na mzee au nianze na sanduku lake? Simu inatosha kurekodia? Barua za Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, nizifanyeje? Mbona jina lililo kwenye cheti cha nishani si jina lake? Huu hapa mwongozo, kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Ni wa mwanafunzi wa historia, mwanahabari na mhifadhi wa nyaraka. Ni wa ndugu zetu pia, walio wengi Marekani na Ulaya, wanaotunza wazee majumbani na siku moja wakagundua kwamba mzee wanayempa dawa kila asubuhi ndiye yule kijana wa sare aliye kwenye picha ya ukutani.

Usikawie. Aliyekuwa na miaka 18 vita vilipokwisha mwaka 1945 alizaliwa 1927. Kwa hiyo mzee kwanza, sanduku baadaye. Karatasi iliyongoja miaka 80 itangoja mwezi mmoja zaidi.

Wayahudi wapatao milioni 1.5 walipigana katika majeshi ya Washirika kwenye Vita vya Pili vya Dunia: takriban 550,000 katika jeshi la Marekani, takriban 500,000 katika Jeshi Jekundu la Kisovieti, wengine katika majeshi ya Poland, Uingereza, Ufaransa, Kanada na Afrika Kusini. Kutoka Palestina iliyokuwa chini ya Uingereza walijitolea kama 30,000. Kumbukumbu zao zinataka uangalifu wa aina yake kwa sababu tatu: majina yalibadilishwa, lugha ni nyingi, na wengi wao walikuwa vitani huku wazazi na ndugu zao wakiuawa nyumbani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kinasa sauti kinachotoa faili la WAV, 48 kHz na biti 24. Saa moja ya mono hula takriban MB 520, stereo mara mbili yake.
- Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, na hedifoni za kusikilizia wakati kazi inaendelea.
- Kadi mbili za kumbukumbu na betri za akiba.
- Skana bapa, ile ya kulaza karatasi juu ya kioo. Skana inayomeza karatasi kwa magurudumu isikaribie barua za zamani.
- Penseli laini ya 2B. Kalamu ya wino iache nje ya chumba.
- Folda na bahasha zisizo na asidi, mifuko ya plastiki ya poliesta, na sanduku la kadibodi la kuhifadhia nyaraka.
- Glavu za nitrili kwa ajili ya picha na vitu vya chuma. Karatasi ishike kwa mikono mikavu iliyonawiwa, maana glavu huondoa hisia ya vidole na karatasi huchanika.
- Diski mbili za nje, zisiwe za toleo moja.
- Daftari la kazi, fomu ya ridhaa na fomu ya majina (hatua ya 3).
- Ramani ya Ulaya ya mwaka 1939. Mji ambao leo ni Lviv ulikuwa Lwów kwa Wapoland, Lvov kwa Warusi na Lemberg kwa Wajerumani. Bila ramani utadhani ni miji minne.

Simu je? Ikiwa ndiyo pekee iliyopo na mzee yuko tayari leo, rekodi kwa simu. Iweke hali ya ndegeni, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, isizidi nusu mita kutoka mdomoni mwake. Kikao kinachofuata tafuta kinasa sauti.

Hatua ya 1. Pata ridhaa

Fomu ijibu mambo manne: rekodi ni mali ya nani, nani ataruhusiwa kuisikiliza, jina lake litajwe au lisitajwe, na kuna sehemu gani za kufungwa hadi mwaka gani. Isome kwa sauti mbele yake. Asaini, nawe usaini, kila mmoja abaki na nakala.

Ukiwa mtunzaji wa kulipwa, usimrekodi mzee wako kimyakimya hata kama ni kwa upendo. Omba idhini kwake, kwa familia yake na kwa aliyekuajiri, yote kwa maandishi. Mzee anayesahausahau aulizwe upya kila kikao, na awepo mtu wa familia. Siku anayosema hapana, funga begi.

Kosa la kawaida: kudhani mwenye barua ndiye mwenye maneno yake. Karatasi ni ya aliyeirithi, lakini haki ya kuchapisha yaliyoandikwa humo kwa kawaida ni ya aliyeiandika au warithi wake. Barua aliyopelekewa mzee na rafiki wa kikosini inahitaji ridhaa ya upande wa pili.

Hatua ya 2. Chagua siku, saa na chumba

Usipange kazi kuanzia Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi usiku. Ni Sabato, na Myahudi anayeishika hagusi simu wala kinasa sauti. Angalia pia kalenda ya sikukuu zao, maana tarehe hazikai mahali pamoja kila mwaka. Usipeleke chakula ulichopika hadi ujue kama nyumba ni ya kosher, yaani inayofuata sheria za chakula za dini yao. Matunda mazima hayana tatizo.

Asubuhi baada ya chai ndiyo saa nzuri. Kikao kiwe cha dakika 60 hadi 90, basi. Wazee wengi hawasemi kwamba wamechoka, ila utaona majibu yanafupika na mkono unaanza kuchezea kitambaa cha meza.

Chumbani, ondoa saa ya ukutani inayogonga, funga madirisha, mweke mbali na ukuta mtupu unaorudisha sauti. Friji izime, na funguo zako ziweke ndani ya friji hiyo hiyo. Hutaondoka bila kuiwasha. Kama anatumia kifaa cha kusaidia kusikia, kwanza mwulize kama betri yake ni mpya.

Hatua ya 3. Jaza fomu ya majina

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo tulia. Mtu mmoja anaweza kuwa na majina manne yaliyo halali yote: alilopewa kwa Kiebrania au Kiyidi alipozaliwa, lililoandikwa kwenye cheti cha serikali ya huko kwao, alilotumia jeshini, na alilochukua baada ya vita. Ukiandika moja tu, atakayemtafuta kwa jingine hatampata kamwe.

Sababu za kubadili majina zilikuwa za kufa na kupona. Mwaka 1942 Waingereza waliunda kikosi cha makomando wa wakimbizi waliojua Kijerumani, wengi wao Wayahudi wa Ujerumani na Austria. Ni kikosi cha 3 cha Komando Na. 10, kilichokuja kuitwa X Troop. Kila mmoja alipewa jina la Kiingereza na hadithi ya kubuni ya utoto wake, ili akitekwa asijulikane. Wengine walikufa wakiwa na majina hayo na wakazikwa chini ya misalaba. Upande wa Marekani, bati la utambulisho linaloning'inia shingoni lilikuwa na herufi ya dini: P kwa Mprotestanti, C kwa Mkatoliki, H kwa Myahudi. Kuna walioacha herufi hiyo isiandikwe, na kuna waliolitupa bati lenyewe dakika ya kutekwa. Askari wa Jeshi Jekundu aliyetekwa na Wajerumani na kutambuliwa kuwa Myahudi aliuawa, kwa hiyo waliponea kwa majina ya Kirusi, Kiukraini au Kitatari. Baada ya vita, waliohamia Israeli wengi walichukua majina ya Kiebrania.

Fomu iwe na safu hizi: jina la kuzaliwa, jina la baba, jina la jeshini, jina la baadaye, namba ya jeshi, kikosi, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kila jina liandike kwa hati yake ya asili (ya Kiebrania, ya Kirusi au ya Kilatini) na chini yake jinsi linavyotamkwa. Mwombe aliandike yeye mwenyewe kama mkono bado una nguvu.

Hati ya Kirusi haina herufi ya H, kwa hiyo Hurwitz huandikwa Gurvich. Hapo utapata majibu ya nusu ya wanaolalamika kwamba "mzee wetu hayumo kwenye orodha".

Mwulize pia anapenda umwite nani. Sisi tumezoea kusema Mzee au Babu, na wengi hufurahi, lakini kwenye rekodi taja jina alilolichagua.

Hatua ya 4. Rekodi

Vaa hedifoni. Bana kipaza sauti kifuani, upana wa kiganja chini ya kidevu, mbali na mkufu na vifungo. Kama amevaa koti lenye nishani, zitagongana kila akipumua. Mpige picha nalo, kisha mwombe alivue.

Anza kwa kutaja tarehe, mahali, jina lako, jina lake la sasa na jina alilozaliwa nalo. Fanya hivyo kila kikao, hata kama ni cha tano. Rekodi isiyojitambulisha yenyewe huwa yatima mara inapotengana na karatasi yake.

Lugha ya mahojiano iwe ile anayohesabia. Mwombe ahesabu moja hadi kumi bila kufikiri, utaijua. Ikiwa ni Kirusi au Kiyidi na wewe huijui, leta mkalimani, na sauti zote mbili zirekodiwe, yake na ya mkalimani.

Usianze na vita. Anza na mtaa aliokulia, kazi ya baba, lugha za nyumbani, mezani siku ya Ijumaa jioni kulikuwa na nini. Kisha endelea kwa mpangilio wa miaka. Maswali yafuatayo yamezaa matunda mara nyingi:

- Siku unaondoka nyumbani, nani alikuwa mlangoni?
- Kwenye bati lako la shingoni kuliandikwa nini, na uliamuaje?
- Wenzako kikosini walijua wewe ni Myahudi? Waliambiwa na nani?
- Chakula cha jeshi ulikifanyaje kama nyumbani mlishika kosher?
- Barua ya mwisho kutoka nyumbani uliipata wapi? Ilisemaje?
- Mara ya kwanza kukutana na mtu aliyetoka kambi ya mateso ya Wanazi, mliongea lugha gani?
- Ulirudi lini kwenu, na ulimkuta nani?

Swali moja kwa wakati mmoja. Ukishauliza, nyamaza. Akinyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kusema lolote. Mara nyingi lililo zito husemwa kwenye sekunde ya saba au ya nane. Hata "mmh" yako itaharibu sauti, itikia kwa kichwa.

Usimsahihishe. Akisema mto ulikuwa Oder na wewe unajua ni Neisse, andika daftarini, utalishughulikia hatua ya 9. Mzee aliyesahihishwa mara mbili hubadilika akawa mwanafunzi mbele ya mwalimu, na utakachopata baadaye ni majibu ya mtihani.

Tarehe zikimpotea, zishike kwa sikukuu. Watu husahau mwezi lakini hawasahau Pasaka ya Kiyahudi waliyoila handakini. Mwaka mpya wa Kiyahudi wa 1944 ulianza jioni ya tarehe 17 Septemba. Pasaka ya 1945 ilianza jioni ya tarehe 28 Machi, siku ambazo Brigedi ya Kiyahudi ya jeshi la Uingereza ilikuwa kwenye mstari wa mbele mto Senio, kaskazini mwa Italia. Ukijua tu kwamba ilikuwa "usiku wa Seder", yaani wa karamu ya kufungua Pasaka, una tarehe.

Kuna wanaokataa kabisa sehemu fulani, na sababu si machungu pekee. Februari 1945 Wajerumani waliwatoa mateka 350 wa Kimarekani kwenye kambi ya mateka wa vita ya Stalag IX-B, Wayahudi wakiwa wa kwanza kuchaguliwa, wakapelekwa Berga, Ujerumani, kuchimba mahandaki. Waliopona walisainishwa na jeshi lao wenyewe karatasi za kutunza siri. Mtu aliyeapishwa kunyamaza akiwa na miaka 20 anaweza kuendelea kunyamaza akiwa na 98. Usimshindilie. Mwambie tu kwamba mlango uko wazi kikao kijacho.

Akilia, usizime mashine kwa haraka wala usiruke swali jingine. Ngoja, mpe maji, kisha mwulize kama anataka kupumzika. Usimalizie kikao kwenye kifo. Dakika kumi za mwisho ziende kwa kurudi nyumbani, ndoa, kazi, wajukuu. Mwishoni rekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kimya. Fundi wa sauti atakushukuru.

Hatua ya 5. Usiku huo huo

Usilale kabla ya kunakili faili kwenye diski mbili. Fungua kila nakala, sikiliza mwanzo, katikati na mwisho. Kadi usiifute mpaka nakala ya tatu iwe imefika mahali pengine, nje ya nyumba hiyo.

Majina ya faili yaanze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 2026-03-12_W07_kikao02.wav. W07 ni namba ya mkongwe kwenye daftari lako. Usitie nafasi wala alama za ajabu. Tengeneza alama ya uhakiki ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na namba ambao kompyuta huukokotoa kutoka kwenye faili) kwa kila faili na uihifadhi kwenye faili la maandishi kando yake. Mwakani ukiitengeneza upya na ikatoka tofauti, utajua nakala hiyo imeharibika.

Faili la asili halifanyiwi usafi. Kuondoa makelele na kukata vikohozi kufanyike kwenye nakala ya kusikiliza peke yake.

Hatua ya 6. Fungua sanduku

Kabla ya kugusa chochote, lipige picha lilivyo, kisha kila tabaka. Barua iliyokuwa ndani ya kitabu cha sala ilikuwa humo kwa sababu. Toa kitu kimoja kimoja, kipe namba kwa penseli nyuma, kona ya chini, kwa mkono mwepesi.

*Barua.* Ondoa pini, stepla na klipu za chuma kwa kuzikunjua kutoka nyuma, usizivute. Raba zilizooza na kugandia ziache kwa fundi. Za askari wa Kisovieti ni karatasi moja iliyokunjwa ikawa pembetatu, bila bahasha wala stempu. Anwani iko upande wa nje, na namba ya posta ya jeshi ndiyo inayokuonyesha kikosi. Pembetatu iliyokaa imekunjwa miaka 80 ina mikunjo mikavu kama ganda la kitunguu. Usiifungue kwa mara moja. Iache siku moja kwenye chumba kisicho na upepo, kisha fungua mkunjo mmoja, uweke kipande cha kioo safi juu yake kwa saa kadhaa, ndipo uende kwenye mkunjo wa pili. Ikianza kutoa sauti ya kuvunjika, simama hapo hapo. Baada ya kuiskani usiikunje tena. Ilaze bapa ndani ya mfuko wa poliesta.

*Picha.* Zishike pembeni. Zilizogandamana na kioo cha fremu usizibandue. Ziskani zikiwa na kioo chake. Nyuma ya picha ni muhimu kama mbele. Ukikuta "Gilgil 1940" au "Nairobi" usidhani umechanganya masanduku. Wayahudi wa Afrika Kusini walipitia Kenya na jeshi lao lilipokwenda kupigana na Waitaliano. Komando Na. 51, ya Wayahudi na Waarabu wa Palestina, ilipigana Keren (Eritrea) na Amba Alagi (Ethiopia) mwaka 1941, katika kampeni ile ile waliyopigana askari wetu wa Keya.

*Nishani.* Usizisugue. Rangi ya uzee juu ya fedha ni sehemu ya historia yake, na dawa ya kung'arisha hula namba. Piga picha mbele na nyuma, maana nishani za hadhi ya juu za Kisovieti, kama ile ya Nyota Nyekundu, zina namba nyuma, na namba hiyo imo kwenye kitabu cha mwenye nayo. Picha za nishani na anwani ya mzee visiwekwe hadharani pamoja. Wezi nao husoma.

*Vitabu vya sala na maandiko.* Karatasi yenye jina la Mungu kwa Kiebrania haitupwi kwenye takataka hata ikiwa imechakaa namna gani. Wayahudi huiweka kando na kuizika. Kisichofaa kuhifadhiwa kipelekwe sinagogi la karibu, watajua la kufanya.

*Kanda za kaseti.* Familia nyingi zina mahojiano ya miaka ya 1980 ambayo hawajawahi kuyasikiliza. Vunja vile vijimeno viwili vya juu ili isifutike kwa bahati mbaya. Zungusha kanda mbele hadi mwisho na nyuma tena kabla ya kuicheza. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na alkoholi ya isopropili. Icheze mara moja tu, ukiwa unarekodi tayari kwa WAV ya biti 24. Ukiona unga mweupe wa ukungu, usiicheze kabisa. Itaambukiza mashine na kanda nyingine. Mpe fundi.

Hifadhi vyote mahali penye unyevu wa asilimia 30 hadi 50 na joto lisilozidi nyuzi 21. Kwenye miji ya pwani hilo ni gumu, iwe Haifa, Miami au Mombasa. Kabati la ndani lisilogusa ukuta wa nje, pamoja na vipakiti vya silika vinavyobadilishwa, husaidia. Darini, chini ya sinki na stoo ya chini ya ardhi hapafai. Laminesheni na selotepu ni marufuku. Gundi yake huwa ya njano, hupenya karatasi na haitoki tena.

Hatua ya 7. Skani

Barua kwa dpi 400 (nukta 400 kwa kila inchi), rangi, faili la picha la TIFF: ukurasa wa A4 utakuwa takriban MB 46. Picha za kawaida dpi 600, filamu hasi za milimita 35 dpi 3,200. Barua za V-mail za Marekani zilipigwa picha kwenye filamu na kuchapishwa zikiwa ndogo kama kiganja, kwa hiyo nazo ni dpi 600. Skani pande zote mbili, bahasha na kurasa tupu zikiwemo, na uache ukingo uonekane pande nne.

Kosa la kawaida: barua za Kiyidi na Kiebrania husomwa kutoka kulia, na kijitabu chake hufunguka kinyume cha vyetu. Ukizipa kurasa namba kwa mazoea ya kushoto, msomaji ataanzia mwisho. Mwulize anayejua kabla ya kuandika namba.

Hatua ya 8. Nakili kwa maandishi

Saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kuandika. Programu za kuandika zenyewe husaidia, lakini majina ya vijiji na maneno ya Kiyidi huyavuruga, kwa hiyo kila mstari lazima usikilizwe tena. Weka saa ya rekodi kila baada ya dakika mbili. Andika alivyosema, pamoja na kurudiarudia. Usimnyooshee sarufi. Kimya kirefu kiandike hivi: [kimya, sekunde 14].

Hatua ya 9. Linganisha na nyaraka za jeshi

Marekani, majalada ya askari yako kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka mjini St. Louis. Moto wa tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza kati ya milioni 16 na 18 ya majalada hayo, zaidi ya jeshi la nchi kavu, kwa waliotoka jeshini kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Ukijibiwa kwamba jalada liliungua, omba ripoti za asubuhi za kikosi (taarifa za kila siku za askari waliopo na waliotoka), na ulizia karatasi ya kuachishwa jeshi kwenye ofisi ya kaunti aliyorudi kuishi. Askari wengi waliisajili huko. Wayahudi walikuwa pia na kadi zao za kumbukumbu za vita, zilizoandaliwa na National Jewish Welfare Board. Ziko American Jewish Historical Society.

Uingereza, shajara za vikosi ziko The National Archives, Kew, London. Ziombe kwa namba za mafungu yake: WO 169 kwa Mashariki ya Kati, WO 170 kwa Italia, WO 171 kwa kaskazini magharibi mwa Ulaya.

Kwa Jeshi Jekundu, tafuta kwenye Pamyat Naroda, hazina ya Wizara ya Ulinzi ya Urusi. Karatasi ya kupendekezwa nishani hueleza tendo lenyewe, mara nyingi kwa saa na mahali, na ina mstari wa taifa la askari. Mzee aliyesema "nilivusha waya wa simu tu" huenda ameandikwa humo kwamba alivuka nao chini ya risasi. Mpelekee. Msomee. Kisha rekodi anavyolipokea.

Tofauti kati ya karatasi na maneno yake iandike pembeni. Usifute upande wowote. Karani wa jeshi naye alikuwa akikosea.

Hatua ya 10. Ipeleke mahali pa kudumu

Andika barua kwanza, uliza masharti, ndipo utume. Veterans History Project ya Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoanzishwa 2000, hupokea mahojiano ya waliotumikia jeshi la Marekani, yawe ya dakika 30 au zaidi na yasiyohaririwa. Blavatnik Archive ya New York imewahoji zaidi ya wakongwe 1,000 wa Kiyahudi wa Jeshi Jekundu. Washington DC kuna National Museum of American Jewish Military History, Israeli kuna Yad Vashem, kituo cha kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, na jumba la askari Wayahudi la Latrun, Uingereza kuna AJEX, chama cha askari wa zamani wa Kiyahudi, na Imperial War Museums. Familia ibaki na nakala kamili, si kiungo cha intaneti peke yake.

Yakikwama

*Jina halipatikani popote.* Badilisha H na G, W na V, tz na ts. Jaribu jina la baba, kisha tafuta kwa mwaka na kijiji bila jina. Jaribu pia la jeshini hata kama familia inasema hakuwahi kuwa nalo.

*Tarehe 3/4/45 ni lini?* Kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi, kwa Mwingereza ni tarehe 3 Aprili. Angalia namba ya posta na lugha kabla ya kuamua. Na anayesema vita viliisha tarehe 9 Mei hajakosea. Kusalimu amri kulianza kutekelezwa usiku wa tarehe 8, na kwa saa za Moscow ilikuwa tayari tarehe 9.

*Barua imekatwa mashimo.* Ni mkasi wa mkaguzi wa jeshi, aliyeondoa majina ya mahali. Usiyazibe. Iskani juu ya karatasi nyeusi ili mashimo yaonekane.

*Sauti inavuma.* Ni umeme wa taa au chaja. Chomoa chaja, tumia betri.

*Mzee anasimulia kisa kile kile kila kikao, na kila mara tofauti kidogo.* Hifadhi vyote. Usichague kilicho kizuri.

*Kaburi lina msalaba na familia inasema alikuwa Myahudi.* Kusanya cheti cha ndoa ya wazazi, kumbukumbu za sinagogi na barua, kisha waandikie wanaosimamia makaburi: Commonwealth War Graves Commission kwa majeshi ya Jumuiya ya Madola, American Battle Monuments Commission kwa ya Marekani. Kuna mawe yaliyokwisha kubadilishwa yakawekwa Nyota ya Daudi, na shirika la Operation Benjamin huzisaidia familia za Wamarekani kwa kazi hiyo hiyo.

*Mzee amefariki kabla ya kikao cha pili.* Ngoja siku saba za maombolezo zipite kabla ya kupiga simu ya kazi. Ridhaa aliyosaini inasimama kama ilivyoandikwa, usiipanue. Wanawe wakitaka kuendeleza pale baba alipoachia, wakaribishe, lakini warekodi kivyao: faili jipya, fomu mpya, na mwanzoni kila mmoja ataje jina lake mwenyewe.